Bi Verna Noske na Nyumba Iliyokwama Mpakani

Miaka ishirini na sita nimepeleka barua kwenye njia ya kusini, kilomita mia na arobaini za ngano, kondoo na nyaya za uzio, na sijawahi kuona mtu mmoja akiandikiwa barua nyingi kama Verna Noske mwaka ule nyumba yake ilipokaa barabarani. Kuna siku nilimpelekea tano. Nne zilitoka kwenye ofisi za umma. Ya tano ilitoka kwa dada yake wa Adelaide, akimwuliza kama aliyoyasikia ni kweli.

Yalikuwa kweli.

Verna alikuwa mpishi wa wakata manyoya. Kwa miaka thelathini na minane alizunguka nao kutoka banda hili la kondoo hadi lile, akipikia wanaume kumi na wanane, milo mitano kwa siku, kwenye majiko ambayo wewe na mimi tusingeyawashia hata moto wa takataka. Alikuwa mfupi, mpana, na mwenye sauti ya kumsimamisha mbwa katikati ya mbio. Hakuolewa. Wakati mmoja nusura aolewe na fundi wa mashine za kukatia manyoya, lakini bwana huyo alisema viazi vyake vina chumvi nyingi, habari ikaishia hapo. Kila alipolala palikuwa pa mtu mwingine: kibanda cha bati hapa, chumba cha nyuma ya hoteli pale, na kitanda cha chuma kilichoandikwa namba.

Alipotimiza miaka sitini na mitatu magoti yaligoma. Alikuwa na hekta tatu alizoachiwa na mjomba wake upande wa wilaya ya Yendamurra, hazina kitu ila tangi la maji lililotoboka na mti mmoja wa kivuli. Mwaka huohuo shirika la reli lilitangaza kwamba nyumba ya mkuu wa stesheni ya Karrapil, ambayo haijaona treni tangu nikiwa shule, itavunjwa. Anayeitaka aje aichukue, mradi aibebe mwenyewe.

Ilikuwa nyumba nzuri ya mbao yenye paa la bati, vyumba vinne, na jiko la kuni ambalo Verna alipoliona alilishika kama watu wanavyomshika farasi shavuni. "Hili nalichukua," alisema. Mtu wa reli akamwambia, "Mama, jiko linakuja na nyumba." Akajibu, "Basi naichukua na nyumba."

Kwetu kubeba nyumba si ajabu. Inainuliwa kwa jeki, inalazwa kwenye trela, inapita mbele ya duka la mikate, na watu wanaendelea na chai yao. Ajabu ilikuwa kwenye makaratasi.

Wilaya ya Karrapil, nyumba ilikotoka, ilimpa kibali cha kuiondoa. Kibali kilikuwa na sharti: iwe imeondoka ndani ya siku thelathini, la sivyo inavunjwa. Wilaya ya Yendamurra, inakokwenda, ilitakiwa kumpa kibali cha kuiweka. Siku ya ishirini na tisa Verna alikwenda kwenye dirisha la ofisi ya Yendamurra, akamkuta afisa mipango, Thushari Weeraratne, binti wa Kisri Lanka aliyekuja kwetu miaka mitatu kabla, mpole, makini, ambaye hajawahi kupiga muhuri bila kusoma.

"Bi Noske, hapa vibali ni viwili," Thushari alimwambia. "Cha mipango kinasema kama unaruhusiwa kuweka nyumba pale. Cha ujenzi kinasema utaiwekaje ili isikuangukie. Cha pili huwezi kukipata kabla ya cha kwanza."

"Na cha kwanza kiko wapi?"

"Mezani kwangu. Shida ni kwamba shamba lako ni hekta tatu. Pale ni eneo la kilimo. Ukiwa na hekta arobaini unaweka nyumba bila kuomba. Ukiwa na pungufu ya hapo, lazima niwaarifu majirani, nao wapewe siku kumi na nne za kupinga."

"Majirani gani, mwanangu? Jirani ninaye mmoja. Waliobaki ni kondoo."

"Basi nitamwandikia huyo mmoja."

"Kesho ni siku ya thelathini. Kesho kutwa wanaivunja."

"Waombe Karrapil wakuongezee muda."

"Nimewaomba. Wanasema fomu ya kuongezewa muda inashughulikiwa kwa siku arobaini."

Thushari akautazama muhuri wake. Baadaye alinisimulia kwamba hapo ndipo alipotamani kwa mara ya kwanza kuwa mwalimu wa chekechea.

Verna akaenda kwa Lindsay Obst. Lindsay ndiye mbeba nyumba wa eneo letu, mrefu, mwembamba, mtu wa nadharia. Ana nadharia ya kwa nini kuku hawatagi, na ana nadharia ya sheria.

"Mama, nyumba ikiwa juu ya magurudumu si nyumba," alimwambia. "Ni mzigo. Umewahi kusikia mzigo unaombewa kibali cha mipango? Naibeba kesho, naiegesha shambani kwako juu ya trela, tunasubiri. Yule binti akipiga muhuri, naishusha. Ikishagusa ardhi ndipo inakuwa nyumba."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Nimeshafanya."

"Lini?"

"Ilikuwa banda la kuku, lakini sheria ni ileile."

Wakaondoka kesho yake, Jumatano moja ya Oktoba, mvua ya siku mbili ikiwa imelainisha kila kitu. Mimi nilikuwa nyuma yao na gari la barua kwa sababu hakukuwa na namna ya kuipita nyumba. Kwenye Barabara ya Pfitzner, pale penye bango linalosema unaondoka Karrapil na bango jingine linalosema karibu Yendamurra, nikasikia mlio kama wa bunduki. Ekseli ya trela ilikatika. Nyumba ikainama upande, polepole, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, ikatulia hapo.

Lindsay alizunguka mara tatu. Akapiga jeki, akapanga magogo ya reli chini ya nyumba, akaishusha juu yake ili trela ipate nafuu. Kisha akaivuta trela nje ipelekwe karakana.

"Siku mbili tu, Mama," alisema.

"Lindsay, imegusa ardhi?"

Lindsay akainama, akatazama. "Imegusa magogo," alisema. "Magogo ndiyo yamegusa ardhi."

Verna akapanda ngazi ya jikoni na sanduku lake. Hangeacha jiko lake barabarani bila mtu, alisema. Jioni ileile moshi ulitoka kwenye dohani, na hivyo ndivyo alivyohamia.

Siku mbili zikawa wiki tatu, kwa sababu kipuri cha ekseli kilikuwa kinasafiri kwa meli. Lakini siku ya tatu tu alifika Graeme Pelham, mkaguzi wa majengo wa Karrapil. Graeme alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alikuwa na mkanda wa kupimia kiunoni hata kanisani. Mimi nilikuwapo, nikitafuta mahali pa kuweka barua.

"Bi Noske," alisema, "nyumba inatakiwa ikae mita ishirini kutoka ukingo wa barabara. Hii yako..." Akapima. Akapima tena. "Hasi tatu."

"Hasi vipi?"

"Imo ndani ya barabara."

"Hilo ningekwambia bila mkanda, Graeme."

"Wewe ungeniambia, ndiyo, lakini usingeweza kuandika kwenye fomu."

Kabla hajamaliza kuandika, gari dogo jeupe likaja kutoka upande wa pili: Thushari. Wakasalimiana kwa adabu ya watu wanaotaka jambo liwe la mwenzao. Kigingi cha mpaka kilikuwa kando ya barabara kusini na kingine kaskazini. Wakafunga uzi kutoka hiki hadi kile, ukapita dirishani, ukakatiza nyumba, ukatokea upande wa pili. Ulipita juu ya beseni la kuogea. Ukilala ndani yake kichwa kiko Karrapil na miguu iko Yendamurra.

"Jiko na sebule ni vyenu," Thushari alisema, "na nusu ya beseni."

"Chumba cha kulala na choo ni vyenu," alisema Graeme, "na hiyo nusu nyingine."

"Haya," alisema Thushari. "Sheria inasema makazi ni jengo lenye jiko, bafu, choo na mahali pa kulala. Upande wangu kuna kitanda na choo, hakuna jiko. Kwa hiyo upande wangu si makazi, na mimi siwezi kutoa kibali cha makazi."

Graeme akakuna shingo. "Mimi nina jiko, sina kitanda wala choo. Na kwangu pia si makazi."

"Basi hapa hakuna makazi," alisema Thushari, na nadhani alishtuka mwenyewe kulisikia.

Verna alikuwa amesimama mlangoni na sinia la keki ya siagi na sukari ya chenga, ile tunayokula kwetu baada ya ibada. "Vizuri," alisema. "Nani anakula keki katika nyumba isiyokuwapo?"

Wakala wote wawili. Kisha kila mmoja akarudi ofisini kwake akaandika barua.

Barua ya Karrapil ilimwamuru aondoe jengo lisilo na kibali ndani ya siku kumi na nne. Barua ya Yendamurra ilimkataza kufanya kazi yoyote kwenye jengo hilo, ikiwemo kulisogeza, hadi itakapoamuliwa kama ni jengo. Verna aliziweka mbili hizo pamoja mezani, akanisomea kwa sauti, akaniuliza, "Gus, wewe unazibeba hizi kila siku. Kuna mtu amewahi kuzitii zote mbili?"

Nikamwambia sijamwona.

Lindsay aliporudi na trela nzima, Thushari alimwonyesha ile amri ya kutosogeza. Lindsay akaisoma, akasema kwa nadharia yake amri hiyo ina kasoro, lakini akageuza gari.

Maisha yakaendelea, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilipigilia sanduku la barua kwenye ngazi. Watu wakazoea kuchepuka: magari madogo yalipita kwenye mtaro wa kaskazini, na waliopita walinusa mchuzi wa kondoo wakasimama. Siku za joto kali, moto wa nje ulipopigwa marufuku katika wilaya moja na si katika nyingine, Verna alibeba chuma chake cha kuchomea nyama kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akachoma soseji upande ulioruhusiwa, akiwapungia mkono watu wa zimamoto waliokuja kuhakikisha.

Thushari hakuwa akilala vizuri. Alirudi peke yake siku moja na folda. "Bi Noske, nimefikiri. Tuombe kibali cha mipango kwa hapahapa ilipo. Hatutakipata. Lakini ombi likiwa mezani, amri zote zinasimamishwa, na hakuna atakayekuondoa. Ukikataliwa, unakata rufaa kwa baraza la rufaa lililo juu ya wilaya zote mbili, na baraza lina uwezo ambao sisi hatuna."

"Unanishauri niombe kitu ambacho wewe mwenyewe utakikataa?"

"Ndiyo."

"Na utakikataa vizuri?"

"Nitakikataa kwa kurasa nane," alisema Thushari, na Verna akamkumbatia.

Ombi linataka tangazo. Ni bango la manjano, linakaa siku kumi na nne mbele ya eneo likitazama barabara, ili mpita njia ajue kinachoombwa. Sasa nyumba hii ilitazama barabara pande zote, na ardhi ya mbele yake nayo ni barabara. Kusimamisha bango ndani ya barabara kunahitaji ruhusa, na ruhusa upande ule hutolewa na Graeme. Graeme alikuja akapima bango, akakagua misumari, akatoa kibali baada ya siku tatu. Kwa hiyo pale barabarani kitu cha kwanza kuwa halali kilikuwa lile bango.

Aliyepinga alikuwa mmoja: Basil Pfitzner, ambaye barabara ina jina la ukoo wake na ambaye ngano yake iko pande zote mbili. Basil ana miaka sabini, mkavu kama ngozi iliyoanikwa, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana uvunaji ulikuwa umekaribia na kombaini yake ina upana wa mita sita. Haiwezi kupita kwenye mtaro. Alikuja na fomu ya pingamizi mkononi ili amwambie Verna ana kwa ana, kwa sababu babake alimlea hivyo.

Nilikuwa nimeketi pale na chai yangu.

"Verna, sina ubaya na wewe, lakini nakupinga."

"Nimesikia. Kaa. Umeshaandika?"

"Bado. Miwani yangu imevunjika. Na hii sehemu wanataka sababu, mistari ni midogo."

"Lete hapa." Verna akafuta mikono, akachukua kalamu. Alikuwa na mwandiko mzuri; miaka thelathini na minane ya kuandika orodha za vyakula. "Sababu ya kwanza?"

"Inaziba barabara ya umma."

"Inaziba... barabara... ya umma. Ya pili?"

"Mashine yangu haipiti."

"Hiyo ni ileile ya kwanza, Basil. Wataisoma mara moja tu. Sema inahatarisha shughuli za kilimo katika eneo lililotengwa kwa kilimo. Hapo wanaogopa."

"Andika hivyo."

"Ya tatu?"

Basil akafikiri. "Sina ya tatu."

"Lazima uwe na ya tatu, la sivyo utaonekana unanung'unika tu. Vumbi? Moshi?"

"Moshi wako haunisumbui. Unanukia mkate."

"Basi tunaandika kwamba hakuna maji taka yaliyopangwa. Hilo ni kweli. Hilo hata mimi linanisumbua." Akaandika, akamsomea yote, Basil akatia saini. Kisha Verna akampakulia mchuzi, na Basil akala sahani mbili kwa huzuni ya mtu aliyetimiza wajibu. Mimi ndiye niliyebeba ile bahasha. Verna ndiye aliyeilamba.

Thushari alikataa ombi kwa kurasa nane. Nilizisoma, zilikuwa nzuri. Verna akakata rufaa, na baraza likapanga kusikiliza shauri wiki ya kwanza ya Desemba. Mwamuzi aliyepewa jalada, mama mrefu wa kofia pana, aliandika kwamba kwa kuwa ugomvi ni wa mahali, kikao kitafanyika mahali. Akaamuru pia mpima ardhi atumwe siku mbili kabla, aseme kila kitu kiko wapi hasa. Mpima alikuja na vyombo vyake, akatembea kwenye ngano ya Basil akiwa na jembe na karatasi za zamani, akachimba hapa, akachimba pale. Alikunywa chai bila kusema neno, na Verna alisema hajawahi kuona mtu anayetabasamu kwenye kikombe namna ile.

Siku ya kikao meza ya jikoni ilitandikwa kitambaa. Mwamuzi alikaa kichwani. Graeme kushoto, Thushari kulia, Basil karibu na mlango akiwa na suti ya mazishi. Lindsay alikuwa amekuja na nadharia mpya, akaombwa aisubirishe. Mimi nilikuwa na barua iliyosajiliwa kwa ajili ya mwamuzi, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuwapo, na baada ya kuikabidhi sikuondoka.

"Nianze na swali dogo," alisema mwamuzi. "Barabara iko wapi?"

Graeme alicheka kidogo. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaonyesha sakafu kwa kidole. "Hapa, mheshimiwa. Chini ya miguu yetu."

"Hapo ndipo magari yanapopita. Mimi nimeuliza barabara iko wapi. Mpima?"

Mpima akafungua ramani ya mwaka 1889, imeshikiliwa na gundi na imani. Barabara, alisema, ni ile iliyopimwa na kutengwa na serikali. Ramani inaionyesha, na vigingi vya mawe amevikuta viwili, vimefukiwa. Barabara ya Pfitzner iko mita themanini kusini ya hapa. Zamani kulikuwa na kinamasi, waliochonga njia wakakizunguka, kinamasi kikakauka, na hakuna aliyerudi kwenye mstari. Hapa tulipokaa hapajawahi kuwa barabara hata siku moja.

"Ni pa nani?" aliuliza mwamuzi.

"Ni ndani ya hatimiliki ya Bwana Pfitzner. Kiwanja kimoja, hekta mia sita na kumi."

Basil akainua kichwa.

"Subiri," alisema Basil. "Mita themanini kusini kuna ngano yangu."

"Ndiyo," alisema mpima.

"Kwa hiyo ngano yangu..."

"Imo barabarani, bwana. Naona tangu enzi za baba yako."

Verna akaweka sinia chini. "Basil Pfitzner! Miaka sitini umeziba barabara ya umma, halafu unakuja hapa kunipinga mimi wa wiki nane!"

"Sikujua, Verna!"

"Na mimi nikakuandikia kwa mkono wangu!"

"Uliniambia niweke sababu tatu!"

Mwamuzi aligonga meza kwa kijiko. Akaeleza polepole, na nakumbuka kwa sababu Thushari alikuwa anaandika kwa kasi huku machozi yakimlengalenga. Katika eneo la kilimo, alisema, nyumba moja juu ya kiwanja cha zaidi ya hekta arobaini haihitaji kibali cha mipango. Kiwanja hiki ni hekta mia sita na kumi, na hakina nyumba nyingine, kwa kuwa ile ya Bwana Pfitzner iko kwenye hatimiliki ya pili. Basi hakukuwa na haja ya kuomba, na lililokataliwa kwa kurasa nane, japo zimeandikwa vizuri, halikuwa na haja ya kukataliwa. Kilichobaki ni kibali cha ujenzi. Hicho kitatolewa na Yendamurra kwa nyumba nzima, kwa kuwa sheria haikufikiria nusu ya paa, na kwa kuwa mlango wa mbele uko huko.

"Na beseni?" aliuliza Graeme.

"Beseni linafuata nyumba, Bwana Pelham."

Nilimwona Graeme akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Limebaki jambo moja," mwamuzi akaendelea. "Ridhaa ya mwenye ardhi. Bila hiyo, nyumba ni ya Bi Noske na ardhi si yake, na itabidi iondoke."

Wote tukamtazama Basil. Akatazama kofia yake. Akaizungusha vidoleni, na Verna, ambaye alikuwa amepiga kelele kwa wanaume maisha yake yote, akamwachia nafasi. Alisimama tu na mkono juu ya jiko lake.

"Zile hekta tatu za mjomba wako," Basil alisema mwishowe, "zimepakana na bwawa langu."

"Zimepakana."

"Tungeweza kubadilishana. Wewe unipe zile, mimi nikupe hapa nyumba ilipo, na uwanja kuizunguka."

"Usinipe kwa huruma, Basil. Nitakutupia birika."

"Huruma gani? Mwanamke anamwandikia adui yake pingamizi zuri namna ile, mimi nimwache akakae ng'ambo ya bwawa?"

Mpima akauliza kama anaweza kupata keki zaidi. Lindsay akataka kueleza nadharia yake sasa, akaambiwa haihitajiki. Akaieleza hata hivyo, huko nje, kwa Graeme.

Haikuisha siku ile, mambo haya hayaishi siku moja. Kubadilishana ardhi kulitaka ramani mpya, na ramani mpya ilitaka sahihi za watu saba. Kiwanja kipya cha Verna kilikuwa kidogo, ila Thushari aliandika kwamba nyumba ilikwishakuwa halali kabla mpaka haujasogezwa, na haki iliyokwishapatikana haifutwi na uzio. Barabara ya kweli ilibidi ichongwe mahali pake, katikati ya ngano iliyoiva. Basil alitakiwa kuomba ruhusa ya kuacha mazao yake ndani ya barabara hadi Januari, na Graeme akampa, ikiwa na sharti kwamba ngano isizidi kimo cha mita moja na nusu kwenye kona, isije ikawazuia madereva kuona. Basil alivuna barabara kwa siku mbili. Alisema ilikuwa ngano bora kuliko yote ya mwaka ule.

Njia ya zamani ikafungwa kwa tangazo gazetini. Lindsay akanyoosha nyumba, ikasimamishwa juu ya nguzo za zege mahali palepale ilipoinamia, na shimo la maji taka likachimbwa na kukaguliwa mara mbili. Graeme alistaafu Machi. Kwenye sherehe yake walimpa mkanda wa kupimia wa fedha. Thushari alibaki. Nasikia ile hukumu humpa kila afisa mpya aisome, na huanza kwa kumwuliza barabara ya ofisi yao iko wapi.

Mwezi wa Aprili nilipeleka bahasha nene yenye muhuri wa Yendamurra. Nilijua ni nini. Cheti cha kuruhusu nyumba ikaliwe kina uzito wake. Niliegesha kwenye barabara mpya, nikatembea mita themanini kwenye kijia alichokipanga mawe, nikapanda ngazi, nikasukuma mlango kama kawaida yangu, nikaingia jikoni.

Verna alikuwa mezani, anamenya viazi. Akaichukua bahasha, akaifungua kwa kisu, akasoma ukurasa wote, midomo ikicheza. Aliposoma jina lake alilipitia mara ya pili kwa kidole. Kisha akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Gus," alisema, "hebu toka."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Toka nje, funga mlango, halafu ugonge."

"Verna, nimekuwa nikiingia hapa miezi sita."

"Ulikuwa unaingia barabarani. Sasa hapa ni kwangu."

Nikatoka. Nikaufunga mlango, nikavua kofia, nikagonga. Hakuitika mara moja. Nilimsikia akisukuma kiti, akifungua bomba, akinawa mikono bila haraka, na mimi nikasimama pale kwenye ngazi na jua mgongoni, nikingoja kukaribishwa.